Baruti, Kibali na Bima: Moto wa Furaha Ukikosea Njia, Nani Hulipa?



Mwishoni mwa mwaka wa masomo uliopita, kamati ya wanafunzi wangu iliniletea ratiba ya sherehe ya kufunga shule. Ilikuwa ratiba nzuri, iliyoandikwa kwa mwandiko safi na kwa Kiswahili kisicho na makosa mengi. Kulikuwa na mashairi, maigizo, hotuba ya mgeni rasmi na chakula. Katika mstari wa mwisho waliandika: "Saa mbili usiku, fataki."

Niliwauliza maswali mawili. Kibali mmekipata kwa nani? Na fataki ikimwangukia mtu, nani atalipa? Kijana mmoja akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, ni fataki tu. Kwa nini zihitaji karatasi?" Wenzake wakacheka. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Mocímboa da Praia, hakucheka wala hakusema neno.

Nilimwahidi kijana yule jibu, na nilipoanza kulitafuta niliona kwamba ni refu kuliko nilivyodhani. Karatasi ile aliyoidharau ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwako pia.

Maneno kwanza

Kama ilivyo desturi yetu, tuanze na maneno. Neno "baruti" tumelipata kutoka Kiarabu. Ni unga unaowaka kwa kasi na kusukuma kitu mbele yake: risasi, tufe la mzinga, au nyota za rangi zinazopasuka angani. "Fataki" kwa wazee wetu ilikuwa pia ile kofia ndogo ya kulipulia bunduki. Leo wengi tunaitumia kwa vitu vya kulipuliwa wakati wa furaha. Maonyesho makubwa ya moto wa rangi huitwa pia "fashifashi". Waona basi kwamba katika lugha yetu chombo cha vita na chombo cha sherehe vimelala katika neno moja.

"Kibali" kina asili ya Kiarabu pia, na kinahusiana na kukubali na kukubaliwa. Hakitolewi na mwombaji kwa nafsi yake, bali na mwingine mwenye mamlaka ya kukataa. "Bima" imetujia kwa njia ya Kihindi kutoka Kiajemi, ambako neno *bim* lina maana ya hofu. Wenzetu Wareno waliokiita kitu hicho hicho *seguro* walichukua neno lenye maana ya salama. Lugha moja imeitazama bima kutoka upande wa hofu inayoianzisha, na nyingine kutoka upande wa utulivu inaouleta. Sisi wa Msumbiji tunayo maneno yote mawili, basi na tuyatumie yote mawili kufikiri.

Baruti ilivyofika pwani yetu

Baruti iligunduliwa Uchina zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na huko huko ikatumika kwa vita na kwa sherehe. Wareno walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, merikebu zao zilikuwa na mizinga. Kuanzia hapo mngurumo wa baruti ukawa sehemu ya siasa za pwani: ulitumika kumkaribisha mgeni, kumtisha adui na kutangaza nani mwenye bandari.

Katika karne ya 18, wafanyabiashara Wafaransa kutoka visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion walifika Kilwa na Ibo kutafuta watu wa kufanyishwa kazi ya utumwa katika mashamba yao. Bunduki na baruti vilikuwa miongoni mwa bidhaa walizolipa. Fikiria maana yake kwa watu wa bara nyuma ya pwani yetu. Aliyepata baruti aliweza kuteka; asiyekuwa nayo alikuwa katika hatari ya kutekwa; na ili apate baruti ya kujilinda, naye alivutwa kuingia katika biashara ile ile. Mwaka 1791 Wareno walimaliza kujenga ngome ya São João Baptista katika kisiwa cha Ibo, na mpaka leo ukienda Ibo utaiona, umbo lake kama nyota, mizinga ikitazama bahari. Ngome ile ilikuwa na nia ya kulinda na kusimamia biashara, siyo kuwalinda waliouzwa.

Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuwa na baruti lilianza kwetu likiwa swali la nani awe huru na nani awe mtumwa. Hilo ni jambo la kwanza la kumwambia kijana wangu.

Karatasi ya mwaka 1890

Mnamo Novemba 1889, mataifa 17 yalikutana mjini Brussels kujadili namna ya kukomesha biashara ya utumwa Afrika. Tarehe 2 Julai 1890 mkataba ulikamilika. Ureno ilikuwamo, Ujerumani ilikuwamo, na Zanzibar nayo ilikuwamo. Mkataba huo ulichora eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya nyuzi 20 Kaskazini hadi nyuzi 22 Kusini, na ndani yake ukazuia uingizaji wa silaha na baruti isipokuwa kwa masharti. Rasi ya Delgado ipo karibu na nyuzi 11 Kusini. Pwani yetu yote, kutoka mto Ruvuma hadi kusini mwa Pemba, iliangukia ndani ya mstari huo.

Masharti yenyewe yanastahili kusomwa polepole, kwa maana ndani yake mna mambo tunayoyaona hata leo katika vibali vya fataki. La kwanza, silaha zote zilizoingizwa ziliwekwa katika ghala la umma chini ya usimamizi wa serikali. La pili, ziliwekwa humo kwa gharama na kwa hatari ya mwenye kuziingiza, siyo ya umma. La tatu, hakuna kilichotoka ghalani bila idhini ya utawala. La nne, aliyeruhusiwa kumiliki bunduki ya kisasa kwa ulinzi wake alipewa kibali chenye jina lake, na bunduki ikatiwa alama. Baruti ya kawaida ya biashara na bunduki za gumegume ziliwekewa utaratibu wake mwepesi kidogo.

Ghala, hatari iko juu ya nani, idhini, na jina la mhusika: mambo manne. Ukifungua leo fomu ya kuomba kulipua fataki katika mji wowote mkubwa duniani, utayakuta yote manne yakiwa yamevaa nguo mpya.

Lakini msomaji, mwalimu wa uraia hawezi kuishia hapo. Mkataba uliosema unapinga utumwa ulikuwa pia chombo cha ukoloni. Mwaka uliofuata, 1891, Ureno ilitoa hati ya kuanzishwa kwa Kampuni ya Niassa, na kampuni hiyo ya watu binafsi ikaitawala nchi yetu ya kaskazini hadi mwaka 1929, ikitoza kodi ya kibanda na kuwalazimisha watu kazi. Kibali cha baruti kilimnyang'anya mwenyeji uwezo wa kupinga, huku askari wa kampuni wakiwa na bunduki zao. Karatasi ile ile iliyoweza kumzuia mwinda watumwa iliweza pia kumnyamazisha mtawaliwa.

Ndiyo maana sikumlaumu kijana wangu alipoidharau karatasi. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuishuku. Swali la raia huru, basi, halipaswi kuwa "Je, kuna kibali?" peke yake. Tuulize pia: kibali hiki kinamlinda nani, na nani anawajibika kikivunjwa?

Ghala likiwa jirani yako

Tarehe 22 Machi 2007, siku ya joto kali, ghala la silaha la Malhazine mjini Maputo lililipuka. Ghala hilo lilikuwa la jeshi, limejaa zana kuukuu, na lilizungukwa na mitaa yenye watu wengi. Makombora yaliruka na kuanguka majumbani, mashuleni na barabarani, mbali na ghala lenyewe. Watu zaidi ya 100 walikufa, na mamia walijeruhiwa. Joto na uhifadhi mbaya wa zana zilizochakaa vilitajwa kuwa sababu.

Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma, iliyapata maumivu kama hayo mara mbili. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la jeshi lililipuka Mbagala, jijini Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka jingine Gongo la Mboto, katika jiji hilo hilo. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na maelfu wakakimbia makwao usiku na mchana.

Hizo hazikuwa fataki, najua. Lakini zatufundisha jambo ambalo fataki zinalificha kwa rangi zake: baruti haiulizi imewekwa kwa ajili gani. Na zatufundisha jambo la pili kuhusu malipo. Baada ya Malhazine, na baada ya Mbagala, aliyelazimika kulipa fidia alikuwa serikali, yaani mfuko wa walipa kodi wote. Waathirika walipaswa kuandikishwa, kuhakikiwa na kungoja, na Dar es Salaam malalamiko ya waliosema wamepunjwa au kusahauliwa yaliendelea kwa miaka. Serikali inapoamua fidia baada ya msiba, mwathirika hupokea kile kilichopatikana. Bima iliyonunuliwa kabla ya msiba hufanya jambo tofauti: huandika mapema nani atalipa, kiasi gani, na kwa madhara yapi.

Ukitaka mfano wa fataki halisi, tazama Enschede nchini Uholanzi. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la kampuni ya fataki lililipuka katikati ya mtaa wa makazi. Watu 23 walikufa, karibu 1,000 walijeruhiwa, na mtaa ukageuka kifusi. Kampuni ile ilikuwa na kibali! Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya ghala kulikuwa na fataki nyingi zaidi na nzito zaidi kuliko zile zilizoruhusiwa, na kwamba mamlaka hazikusimamia ipasavyo masharti zilizoyatoa zenyewe. Karatasi ilikuwapo, usimamizi ndio uliokosekana.

Shehena iliyokuwa inakuja Beira

Kisa kingine kinatugusa Wamsumbiji kwa namna ya pekee. Mwaka 2013 merikebu iitwayo Rhosus iliondoka Batumi, nchini Georgia, ikiwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia. Shehena hiyo ilikuwa inaelekea Beira, kwa kiwanda cha baruti cha Msumbiji. Njiani merikebu ilitia nanga Beirut, ikazuiliwa kwa hitilafu na madeni, na haikuondoka tena. Shehena ikashushwa na kuwekwa katika ghala namba 12 la bandari. Maofisa waliandikiana barua kuhusu hatari yake kwa miaka sita. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lilishika moto, na katika ghala hilo, kwa taarifa zilizotolewa, zilikuwamo pia fataki. Kilichofuata dunia nzima ilikiona: watu zaidi ya 200 wakafa na nusu ya mji ikavunjika vioo na kuta.

Hapo ndipo tulipoona upande mgumu wa bima. Wenye nyumba na maduka waliokuwa na bima walikwenda kudai, na wengi wakaambiwa wangoje ripoti rasmi ya chanzo cha mlipuko. Kwa nini? Kwa sababu mikataba mingi ya bima hulipa ajali lakini hailipi vita. Ikiwa hakuna aliyesema rasmi kama tukio ni ajali au shambulio, mwenye bima aweza kubaki na karatasi mkononi na nyumba isiyo na paa. Kumbuka neno hilo, "vita", kwa maana tutalirudia tutakapofika kwetu.

Usiku wa mwaka mpya Kampala

Uganda ina utaratibu ambao polisi hutangaza kila mwisho wa mwaka maeneo yaliyoruhusiwa kulipua fataki. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la biashara la Freedom City, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, watu waliokuwa wakisikiliza muziki walialikwa kutoka nje kuzitazama fataki za mwaka mpya. Zilipokwisha, umati ukarudi ndani kupitia njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana, wengi wao vijana na watoto. Mwandaaji wa tamasha alikamatwa na kufikishwa mahakamani.

Hakuna aliyeunguzwa na cheche usiku ule. Waliuawa na mlango. Nakuomba ulitafakari hilo, kwa maana ndilo wanalolisahau wanaodhani kibali cha fataki ni habari ya moto tu. Mwenye kutoa kibali kinachostahili jina hilo huuliza pia: watu wangapi watakuja, watasimama wapi, watatokea wapi, na gari la wagonjwa litapita njia gani?

Karatasi hizo zinafanya kazi gani

Sasa naweza kumjibu kijana wangu kwa utaratibu. Katika nchi nyingi, fataki zimegawanywa kwa uzito wa hatari. Ulaya hutumia madaraja manne, na daraja la nne ni la wataalamu waliofunzwa peke yao. Haliuzwi dukani kwa mtu yeyote. Tanzania ina Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na Kenya inayo sheria yake ya baruti. Zote mbili zinataka idhini ya mkaguzi au kamishna wa serikali kabla ya kuingiza, kuhifadhi au kutumia vitu hivi. Hapa Msumbiji, kila Desemba mamlaka huonya dhidi ya zile fataki ndogo tunazoziita kwa Kireno *panchões*, ambazo watoto huzinunua njiani na kuzirushiana miguuni.

Mtaalamu anayetaka kufanya maonyesho mjini hupeleka ombi mapema. Huambatanisha ramani ya uwanja, inayoonyesha mahali pa kuwashia, mahali pa watazamaji na umbali baina yake. Orodha ya fataki na ukubwa wake. Majina na vyeti vya watakaowasha. Mahali zitakapohifadhiwa na zitakavyosafirishwa. Na saa kamili ya kuanza na kumaliza. Polisi hutazama usalama wa umati. Zimamoto hutazama makuti, nyasi kavu, upepo na maji. Kiwanja cha ndege kikiwa karibu, warushaji ndege hujulishwa. Bandari ikiwa karibu, nahodha wa bandari hujulishwa, kwa maana mwanga mwekundu baharini ni ishara ya merikebu iliyo hatarini. Baada ya maonyesho, wawashaji hukagua uwanja kutafuta zisizolipuka kabla mtoto hajaziokota.

Ndipo bima inapoingia. Bima inayodaiwa zaidi ni ile ya dhima kwa watu wengine, yaani wale ambao si mwandaaji wala kampuni ya bima: mpita njia, jirani mwenye nyumba, mtazamaji. Mwandaaji hulipa ada ndogo mapema. Kampuni ya bima hubeba ahadi ya kulipa madhara makubwa hadi kikomo kilichoandikwa. Lakini ahadi hiyo ina masharti. Ukilipua bila kibali, au ukatumia asiye na ujuzi, au ukasogeza watazamaji karibu kuliko ramani inavyosema, kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Kwa hiyo kibali na bima ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja: ukipiga moja tu, utazunguka pale pale.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kampuni ya bima, kabla ya kukubali, hutuma mtu kuuliza maswali, kwa sababu fedha zitakazopotea ni zake. Pale ambapo ofisa wa serikali amechoka au ana haraka, mwenye bima aweza kuwa jicho la pili. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Bima iliyo njema haingoji hatari ndipo ianze kazi. Huanza na tahadhari.

Msumbiji huru iliitazama bima kuwa jambo la umma tangu mwanzo. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, makampuni ya bima ya wakati wa ukoloni yalitaifishwa, na mwaka 1977 likaundwa shirika la EMOSE. Leo kuna makampuni mengi na mamlaka ya kuyasimamia. Hata hivyo, ukiwauliza wavuvi wa Palma, wauza duka wa Mocímboa au wakulima wa Macomia, wengi watakuambia bima yao ni ndugu, jirani na Mungu.

Kwetu, hapa pwani

Nimefika mahali pagumu, msomaji, lakini siwezi kupapita kimya.

Kaskazini hii imesikia milipuko mingi. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilisikika Chai, katika nchi ya Macomia. Baada ya uhuru vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1992, na baada yake mabomu ya ardhini yaliyobaki yakiwakata miguu wakulima. Kazi ya kuyaondoa ilichukua zaidi ya miaka 20. Mnamo Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa nchi isiyo na mabomu ya ardhini yanayojulikana, na tulishangilia. Miaka miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia ikashambuliwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikafuata Palma. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Mnamo Oktoba 2020 mashua baada ya mashua ziliwashusha katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, wamebeba watoto na masufuria.

Tarehe 26 Aprili 2021 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kwamba mradi wake wa gesi wa Afungi umesimamishwa kwa sababu ya nguvu isiyozuilika. Hilo ni neno la kisheria: katika mikataba, humwondolea mtu wajibu wake pale jambo kubwa lisilo la kosa lake linapomzuia kuutimiza. Kampuni kubwa ilikuwa na mkataba wenye kifungu hicho. Mama aliyeuza mikate Palma hakuwa na kifungu chochote. Na hata angekuwa na bima ya kawaida ya kibanda chake, yaelekea angesomewa lile neno nililokuomba ulikumbuke: vita haimo.

Basi fataki mahali kama hapa si sawa na fataki mahali pengine. Sheria ya kibali hupima umbali kwa mita, na bima hupima madhara kwa fedha. Lakini mtoto anayejificha chini ya kitanda kwa sababu ya mlio hana jeraha la kupigwa picha, wala hakuna risiti ya kupeleka kwa kampuni. Hasara yake hairudishwi na fidia yoyote. Nimekuwa nikitetea karatasi katika makala nzima. Hapa lazima niseme kwamba karatasi ina mpaka wake. Kuna wakati mji unaweza kutimiza kila sharti, ukawa na muhuri na bima, na bado ikawa si vyema kulipua.

Nani ataamua hilo? Si polisi, wala zimamoto, wala mwenye bima. Ni sisi wenyewe, majirani, kwa kuulizana. Uraia hauanzi ofisini, huanza pale mtu anaposema, "Furaha yangu itasikikaje katika nyumba ya pili?"

Nilirudi darasani na kuwasimulia wanafunzi wangu haya, kwa ufupi kuliko nilivyokuandikia wewe. Sikupiga marufuku. Niliwaambia kamati ikutane, iwasikilize wote, kisha iniletee uamuzi pamoja na sababu. Walikutana siku mbili. Yule binti wa dirishani alizungumza siku ya pili. Sitayaandika aliyoyasema, kwa maana hayakuwa yangu. Kijana aliyeniuliza kwa nini fataki zihitaji karatasi ndiye aliyeileta ratiba mpya. Mstari wa mwisho ulikuwa umefutwa, na badala yake ameandika: "Saa mbili usiku, tufo."

Usiku ule wasichana na mama zao walivaa sare, wakapiga matari na kuimba mpaka mwezi ukawa juu ya minazi. Kelele zilikuwa nyingi. Hakuna aliyekimbia.

Msamiati wa makala hii

Dhima: wajibu wa kubeba lawama au gharama ya jambo.
Fidia: malipo anayopewa mtu kwa hasara au madhara yaliyompata.
Ghala: nyumba ya kuhifadhia mali au bidhaa.
Gumegume: bunduki ya zamani inayowashwa kwa cheche za jiwe.
Shehena: mzigo unaobebwa na merikebu au gari.
Tufo: ngoma ya wanawake wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, inayochezwa kwa matari na nyimbo.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anasema kibali cha mwaka 1890 kilikuwa na nyuso mbili. Zieleze kwa maneno yako mwenyewe.
2. Taja tofauti mbili baina ya fidia inayotolewa na serikali baada ya msiba na malipo ya bima.
3. Kisa cha Freedom City kinatufundisha nini kuhusu wajibu wa mwandaaji wa sherehe?
4. Kusanya maoni ya watu watatu katika mtaa wako, mmoja wao akiwa mzee: je, fataki ziruhusiwe katika mji wenu? Andika insha ya maneno 300, ukitoa sababu za kila upande kabla ya kutoa msimamo wako.